Plau ya Massey kwenye Kubota ndogo: kabla hujamwita fundi wa gesi

SWALI: Shikamoo fundi. Nalima mpunga Dakawa, na mahindi kidogo kwenye ekari chache za juu. Nimenunua trekta, Kubota ya mtumba kutoka Japani, nguvu farasi 24, inavuta kwa matairi yote manne, imekuja na rotaveta yake ya kutifulia udongo. Mjomba ana trekta la Massey 375, amenipa plau yake ya zamani ya sahani tatu. Dukani nikachukua slasha mpya ya Kihindi ya kufyekea, ya futi tano, na ninalo tela la kumwaga kwa haidroliki. Sasa hakuna kinachokaa. Pini za plau ni nene, haziingii kwenye mikono ya trekta. Pini za slasha zinaingia, lakini fremu inagusa matairi, na shafti yake, ile fimbo inayoleta mzunguko kutoka kwenye trekta, ni ndefu, haina pa kukaa. Mipira ya mafuta ya tela inavuja kwenye maungio hata nikizungusha tepu nyeupe. Fundi wa kuchomelea wa hapa kijiweni anasema nimwachie trekta kutwa moja, atapanua matundu ya mikono kwa gesi, atakata shafti, kila kitu kitakaa. Nimwachie?

JIBU: Marahaba, kijana. Usimwachie.

Simdharau huyo fundi, huenda ni hodari kweli wa mageti na fremu za madirisha. Shida ni upande anaotaka kuukata. Anataka trekta lifuate zana, na katika vyote ulivyovitaja trekta ndilo usiloweza kwenda kununua jingine wiki ijayo. Ile gololi kwenye ncha ya mkono wa chini imetengenezwa kwa chuma kilichokomazwa kiwandani. Ukiipitishia moto wa gesi ugumu wake unaondoka, na ukilipanua tundu kutoka milimita 22 hadi 29 unabaki na pete nyembamba tu kuizunguka pini. Siku ya kwanza itashika. Siku itakayoachia, plau itakuwa imening'inia hewani na wewe uko juu ya tuta la jaruba.

Kinachohitaji kubadilishwa kibadilishwe kwenye zana, au kwenye kipande kinachokaa kati ya zana na trekta: pini, bushi, shafti, kiungio. Hivyo vikiharibika vinanunulika. Lakini hata kabla ya kufika huko, kuna zana moja kati ya hizo tatu ambayo nitakuomba usiifunge kabisa, hata pini zingeingia kama zimezaliwa pamoja. Nitaifikia.

Tuanze na pini zenyewe. Mfumo huu wa mikono miwili chini na mmoja juu, unaoitwa toplinki, ulienezwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, kwanza kwenye trekta alilolitoa pamoja na Mwingereza David Brown mwaka 1936, kisha kwenye Ford 9N ya mwaka 1939, ambayo injini yake ilikuwa na nguvu zinazokaribiana na za Kubota yako. Matrekta yalipokua, pini nazo zikanenepa, na leo zimepangwa kwa kategori. Kategori ya 1 ni ya matrekta ya farasi kama 20 hadi 45: pini za chini milimita 22, yaani inchi 7/8, na ya toplinki milimita 19, yaani inchi 3/4. Kategori ya 2 ni ya farasi 40 hadi 100 hivi: chini milimita 28 na nusu, au inchi 1 na 1/8, juu inchi moja kamili. Chini yake ipo kategori 0 ya vitrekta vya bustani, pini zote milimita 16. Si unene tu unaobadilika. Nafasi kati ya mikono ya chini ni kama sentimita 68 kwenye kategori ya 1 na sentimita 82 hivi kwenye ya 2, na ule mhimili wa zana unaoshika toplinki huwa mrefu zaidi kwenye zana kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kukubali zawadi yoyote, nenda na kalipa ya kupimia unene na futi kamba. Pima unene wa pini tatu, pima umbali kati ya zile mbili za chini, pima kimo kutoka pini za chini hadi tundu la juu. Usimwamini muuzaji anayesema "hii inaingia trekta lolote". Zipo zana zenye pini za aina mbili kwa makusudi, lakini utaziona mwenyewe: pini ina ngazi, mwanzo mwembamba na mwisho mnene, au fremu ina safu mbili za matundu.

Sasa plau ya mjomba. Pini zake ni nene kwa sababu aliyeitengeneza alijua itavutwa na trekta la zaidi ya farasi 70 lenye uzito wa kulituliza. Plau ya sahani tatu ya namna hiyo huwa na kilo 350 hadi 400 na kitu. Trekta la Kijapani la farasi 24 lenyewe ni kama tani moja. Chukua kalamu tufanye hesabu ya makadirio. Tuseme plau ina kilo 380, na kitovu cha uzito wake, ikiwa imenyanyuliwa, kiko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele tuuweke mita 1.6. Zidisha 380 kwa 1.4, gawanya kwa 1.6: unapata kama kilo 330. Huo ndio uzito ambao plau inauondoa kwenye matairi ya mbele. Trekta la aina yako likiwa tupu huweka mbele kama kilo 400 na ushee. Utabakiwa na chini ya kilo 100 za kukatia kona. Kanuni inayotumika sana ni kwamba matairi ya mbele yasibebe chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe, kwako ni kilo 200. Hujafika hata nusu yake.

Utaniambia utaongeza vizito mbele. Vizito vinasaidia usukani, lakini ekseli ya nyuma, matairi na beringi zake bado vinabeba plau pamoja na hicho ulichoongeza. Na pampu je? Kwenye karatasi ya trekta nguvu ya kunyanyua huandikwa kwa namna mbili: kwenye ncha za mikono, au sentimita 61 nyuma ya ncha hizo. Muuzaji hukutajia ile kubwa, ya kwenye ncha. Mzigo wa plau hauko kwenye ncha, uko nyuma zaidi. Trekta linaloitwa la kilo 900 linaweza kushindwa kilo 600 zilizokaa mbali.

Hayo yote ni kuibeba tu, bado hujalima. Sahani tatu kwenye udongo wa mfinyanzi zinataka farasi 55 kwenda juu. Kwa farasi 24, na matairi yako mepesi, sahani zitaingia kidogo kisha matairi yatazunguka mahali pamoja, au utalima kina cha kukuna ngozi ya shamba tu. Wengine watakushauri utoe sahani moja. Umeondoa uzito mdogo, boriti nzito imebaki, gurudumu la nyuma la mfereji limebaki, na sasa mstari wa mvuto umehama upande, trekta linavutwa pembeni usukani ukiwa umenyooka. Plau ya sahani mbili iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo ni kitu tofauti kabisa, na hata hiyo kwako ni ya udongo mwepesi, kwa hadhari.

Maana yake plau irudi kwa mjomba, kwa heshima. Ukitaka, mwambie alime yeye zile ekari za mahindi kwa Massey yake, umlipe mafuta na dereva, halafu wewe upite na rotaveta baada ya madongoa kukaa. Kwenye majaruba huihitaji plau hiyo. Rotaveta ya Kijapani ilibuniwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga yenye maji, na hiyo ndiyo zana bora uliyonayo, bure, imekuja ndani ya bei ya trekta.

Nisikuache bila jibu la pini, maana utakutana na zana nyingine ya kategori ya 2 iliyo nyepesi, labda reki au kikwatuo cha kusawazisha. Hapo njia ni kubadilisha pini za zana. Nyingi zimefungwa kwa nati kwenye fremu, si za kuchomelewa. Fungua, weka pini ya ngazi: upande unaoingia kwenye fremu mnene, upande unaoingia kwenye mkono wa trekta milimita 22. Kama dukani hamna, peleka kipimo kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea, akuchongee kutoka kwenye kipande cha ekseli ya gari. Usikubali nondo. Nondo ya ujenzi inapinda polepole, na pini iliyopinda ndani ya gololi haitoki bila nyundo. Angalia pia nafasi: fremu ya kategori ya 2 itaitanua mikono yako hadi sentimita 82, na kwenye trekta dogo mikono iliyotanuka hivyo husugua matairi. Pini za ngazi zielekee ndani, ili mikono irudi kwenye nafasi yake.

Kinyume chake ni rahisi zaidi. Zana ya pini nyembamba kwenye trekta la matundu makubwa inahitaji bushi tu, kipande cha bomba gumu chenye milimita 22 ndani na 28 na nusu nje. Bei yake ni ndogo. Kumbuka hili, tutalitumia.

Slasha ina mambo mengi, na hapa nitakwenda taratibu.

Kwa nini inagusa matairi wakati pini zinaingia? Kwa sababu trekta lako halikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa soko lao la ndani Wajapani wana mpangilio maalumu wa kuifunga rotaveta karibu sana na trekta: mikono ya chini mifupi, toplinki fupi au kipande maalumu cha juu, na shafti fupi mno ya PTO, ile ncha inayozunguka nyuma ya trekta na kuendesha zana. Ukaribu huo ni akili nzuri, uzito unakaa karibu na ekseli na trekta dogo linabeba rotaveta pana bila kuinua pua. Zana ya Kihindi au ya Kizungu yenyewe inategemea kwamba kutoka ncha ya PTO hadi kwenye pini za chini kuna kama nusu mita au zaidi kidogo. Lipime hilo kwako. Nadhani utakuta umbali mfupi zaidi, na hapo ndipo fremu inapokutana na tairi na shafti inapokosa nafasi.

Kukata shafti peke yake hakutatui hilo. Unahitaji mikono ya chini ya urefu wa kawaida na toplinki ya kawaida ya kategori ya 1, ile ya kurefusha kwa kuzungusha. Wanaoleta vipuri vya Kubota za mtumba huwa nayo. Ikikosekana, mikono ya trekta dogo la Kihindi inaweza kukaa, ila fungua mkono wako mmoja uende nao dukani. Linganisha tundu la mbele linaloshika kwenye trekta, na mahali inaposhika fimbo ya kunyanyulia. Fimbo ikishika mbali zaidi au karibu zaidi kuliko mwanzo, kimo cha kunyanyua kinabadilika. Na mkono ukirefuka, nguvu ya kunyanyua kwenye ncha inapungua. Kwa slasha si tatizo kubwa, ina gurudumu lake la nyuma la kuibeba ikiwa kazini.

Mikono ikishafungwa, ndipo unapima shafti. Funga slasha bila shafti. Inyanyue na kuishusha polepole, utafute mahali ambapo PTO ya trekta na gia ya slasha zimekaribiana kuliko kwingine kote; mara nyingi ni pale mikono inapokuwa sambamba na ardhi. Weka gogo imara chini ya slasha, zima injini, toa ufunguo. Zitenganishe nusu mbili za shafti, ya kike na ya kiume, funga kila moja upande wake, zilaze ubavu kwa ubavu uone zinavyopishana. Kata ili katika hali hiyo ya ukaribu kabisa ibaki nafasi ya sentimita mbili na nusu kabla nusu moja haijagonga mwisho wa nyingine. Kata nusu zote mbili kwa kiasi kilekile, na makava ya plastiki vilevile. Piga tupa kingo, futa unga wa chuma, paka grisi. Halafu nyanyua na shusha hadi mwisho wote, uhakikishe pale zinapokuwa mbali kabisa bado zimeingiliana angalau theluthi ya urefu. Zikiingiliana kidogo zitapinda au zitachomoka. Zikigongana zitaisukuma shafti ya PTO ndani ya gia boksi yako, na hiyo ni fedha nyingi kuliko slasha yenyewe. Unaporudisha, hakikisha uma za krosi, yale maungio ya kupinda kwenye ncha za shafti, za pande zote mbili zimekaa kwenye mstari mmoja. Ukizikosea kwa robo mzunguko, shafti itatetemeka hadi krosi zife.

Usikate chochote kabla hujamaliza hili linalofuata, maana linaongeza urefu. Slasha ina visu vizito. Ukikanyaga klachi ili usimame, visu vinaendelea kuzunguka, na kama klachi yako ni ya hatua moja vinaigeuza gia boksi na kulisukuma trekta mbele. Umekanyaga klachi, trekta halisimami, mbele kuna mfereji. Dawa ni kipande kinachoitwa klachi ya upande mmoja, kinachokaa kati ya PTO na shafti; kinaruhusu slasha iendelee kuzunguka bila kulirudishia trekta nguvu. Baadhi ya matrekta ya Kijapani tayari yana kitu hicho ndani. Kujua: zima injini, toa ufunguo, hakikisha pedeli ya klachi haijakwama chini, weka PTO kwenye gia, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kufuata mishale ya saa, ukiitazama kutoka nyuma, na kushika inapogeuzwa kinyume, unacho. Ikishika pande zote, nunua. Kipande hicho kina urefu wa sentimita kadhaa, ndiyo maana nasema kifungwe kwanza, shafti ipimwe baadaye.

Kisha mwendo. Slasha yako imeandikwa 540, yaani mizunguko 540 kwa dakika, mara tisa kila sekunde. Trekta la Kihindi mara nyingi lina mwendo huo mmoja wa PTO au miwili. Lako huenda lina mitatu au minne, kwa sababu rotaveta za Kijapani hubadilishwa kasi kulingana na udongo. Namba 1 kwenye wenzo huwa karibu na 540 injini ikiwa kwenye mzunguko wake kamili. Za juu zinapita 1,000. Mtu akivuta wenzo hadi 3 akidhani anaongeza nguvu, visu vya slasha vinakwenda karibu mara mbili ya vilivyokusudiwa, na kisu kikikatika kwa kasi hiyo hakichagui pa kwenda. Kama wenzo una nafasi ya kurudi nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya rotaveta, ifunge kwa waya isitumike kabisa na slasha. Maandishi ya Kijapani hutayasoma, lakini tarakimu kwenye kibandiko karibu na wenzo ni zilezile tunazotumia sisi.

Meno ya shafti yako kwa kawaida hayana ugomvi: inchi 1 na 3/8, meno sita, ndiyo yaliyoko kwenye Massey ya mjomba, kwenye slasha za Kihindi na kwenye Kubota. Ukikutana na zana ya meno 21, iache. Ni ya mwendo wa 1,000 na ya trekta kubwa.

Halafu ukubwa. Kigezo cha slasha ni farasi tano kwa kila futi ya upana, zikihesabiwa kwenye PTO, si kwenye injini. Injini ya farasi 24 hufikisha kwenye PTO kama 19 au 20. Hiyo ni slasha ya futi nne. Ya futi tano itakata majani laini ya barabarani, ila kwenye matete na vichaka vya pembeni mwa mfereji injini itazama. Kama duka bado linakubali kubadilisha, badilisha. Kama halikubali, ndipo tunarudi kwenye zile bushi: slasha hiyo itakaa kwenye Massey kwa bushi tatu, na mjomba aliyekupa plau anaweza kuwa ndiye mteja wako. Boliti ya usalama iliyoko kwenye shafti iachwe ya aina ileile iliyokuja nayo. Mafundi wengi huona imekatika wakaweka ngumu "isisumbue tena". Imewekwa ili ikatike yenyewe badala ya gia.

Na kava la plastiki la shafti lisitupwe. Mara tisa kwa sekunde ni kasi ya kumeza kanga iliyofungwa kiunoni au pindo la koti la mvua kabla aliyevaa hajapiga kelele. Mtu asisogee nyuma PTO inapozunguka, hata kama anakuja tu kukuletea chai.

Tela. Maungio yanavuja kwa sababu karibu hakika umefunga uzi wa Kiingereza ndani ya uzi wa Kimarekani, au kinyume chake. Vifaa vya Kijapani kwa kawaida hufuata vipimo vya uzi wa Kiingereza, BSP. Mipira mingi inayobanwa madukani inakuja pia na uzi wa Kimarekani, NPT. Kwa ukubwa wa nusu inchi zote mbili zina nyuzi 14 kwa kila inchi, ndiyo maana zinaanza kuingia vizuri kabisa, mizunguko miwili mitatu, kisha zinakaza. Lakini pembe ya uzi mmoja ni digrii 55 na ya mwingine ni 60, hazigusani sawasawa, na mafuta yenye msukumo wa bar 150 na zaidi hupita hapo hata ukizungusha tepu nzima. Kwenye robo inchi hali ni wazi zaidi, 19 kwa 18, zinakataa mapema. Peleka kiungio cha trekta na cha mpira kwa wanaobana mipira ya haidroliki mjini, wana geji ya uzi, wakubadilishie ncha ya mpira ifanane na trekta. Ukiuziwa kiungio cha bomba la maji kwa sababu "uzi ni uleule", kweli ni uleule, ila chuma chake ni cha msukumo wa tangi la juu ya paa.

Usitafute mvujo kwa kidole. Mafuta yakitoka kwenye tundu la sindano kwa msukumo huo yanapenya ngozi, jeraha linaonekana kama mchomo wa mwiba, halafu mkono unaoza kutoka ndani. Tumia kipande cha boksi. Likimpata mtu, ni hospitali saa hiyohiyo, na amwambie daktari ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa msukumo, asipewe panado akarudishwa nyumbani.

Kuna jambo la tela ambalo halionekani. Kwenye trekta kama lako mafuta ya haidroliki na ya gia boksi ni hayohayo, tangi moja. Silinda ya tela ikipanda inachukua lita kadhaa kutoka humo, ikishuka inarudisha pamoja na uchafu wote uliokuwa ndani ya silinda, na mafuta yoyote aliyoyaweka mwenye tela wa kwanza, mara nyingi oili chafu ya injini. Fungua mpira, mwaga kilichomo kwenye silinda kabla ya kuiunga na trekta. Kisha nyanyua tela tupu, angalia stiki ya kupimia mafuta silinda ikiwa juu: yakiwa chini ya alama, pampu inameza hewa na gia za juu zinakauka. Ongeza mafuta ya aina iliyotajwa kwa trekta lako, halafu pima tena tela likiwa limeshuka, usije ukawa umepitiliza.

Tela lifungwe kwenye ndoana ya chini, kamwe si kwenye tundu la toplinki, hata kwa umbali wa kutoka shambani hadi barabarani. Ukivuta kutoka juu ya usawa wa ekseli ya nyuma, nguvu yote inaligeuza trekta kinyumenyume, na pua inapoinuka hupati muda wa kufika kwenye klachi. Kwa uzito, tela lisilo na breki zake mimi silipakii kuzidi uzito wa trekta. Kwako hiyo ni tani moja, tela na mzigo kwa pamoja, magunia machache kuliko unavyotamani. Dakawa ni tambarare na utashawishika kupakia zaidi. Ukipata tenda ya kubeba mboga za Mgeta, ile miteremko ya Uluguru na tela lisilo na breki ni safari ya kukataa.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni mikono ya kawaida na toplinki, mipira ya tela, na mazungumzo mawili, moja na mwenye duka na jingine na mjomba. Fundi wako wa kijiweni mpe kazi ya kukutengenezea stendi ya chuma ya kuegeshea rotaveta, ili uweze kuivua na kuivalisha peke yako. Na ile mikono mifupi utakayoivua usiiuze wala usimpe mtu kama chuma chakavu. Ifunge pamoja na kipande chake cha juu na shafti yake fupi, andika kwa rangi kushoto na kulia, iweke stoo. Msimu wa majaruba ukifika rotaveta haitakaa bila hiyo.